Mwenyekiti wa Lango la Tatu

Saa tisa na nusu alasiri, siku ya Jumamosi, fundi sauti alikaa kwenye ngazi ya gari la matangazo akabadilisha betri za maiki. Betri mpya alizifungua mwenyewe kutoka kwenye karatasi zake, kwa sababu betri inayotoka stoo ikiwa imeshafunguliwa haina wa kuidhamini. Alipomaliza akamkabidhi ripota maiki ya mkononi, akavaa hedfoni, akakaza macho kwenye mita ya kupimia sauti.

"Umekula nini leo?" alimuuliza.

"Mayai mawili na mkate," ripota alisema kwenye maiki. "Chai yenyewe haikuwa na sukari. Nyumbani wananipima."

"Inatosha."

Hicho ndicho kipimo cha sauti kazini kwao. Mtu akiambiwa ahesabu moja, mbili, tatu, hutoa sauti ya darasani. Akiulizwa alichokula, hutoa sauti yake ya kweli. Ripota huyu watu walimwita Bwana Shangwe, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya mashabiki baada ya mechi na kusema kwamba hajawahi kuona shangwe kama hii. Alikuwa amesema hivyo mara thelathini na tisa, na kila mara alimaanisha.

Gari lilikuwa limeegeshwa mahali pake pa siku zote, ng'ambo ya barabara, likitazamana na lango la tatu la uwanja. Mbele ya gari mpiga picha alikuwa anasimika kamera juu ya miguu yake mitatu. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, na wenzake walimwita Jicho. Kwenye lami alikuwa amebandika vipande vitatu vya utepe mweusi, na kila Jumamosi aliirudisha miguu ya kamera palepale, hata jua likimpiga usoni, hata kukiwa na dimbwi. Fundi sauti alimtazama akifanya hivyo, akakunja uso. Kamera ikisimama pale huona sehemu ya juu ya lango la tatu, na haioni kingine cha maana.

Saa kumi na moja kasorobo kipyenga cha mwisho kilipulizwa. Timu ya zambarau ilikuwa imeshinda mbili kwa moja, na mashabiki wakaanza kumwagika barabarani kupitia lango la kwanza na la nne. Lango la tatu lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Kwenye hedfoni fundi sauti alisikia sauti ya mwongozaji, mwanamama aliyekaa studio na kuwaambia watu wa garini la kufanya. Wao walimwona uso kwa uso mara moja kwa mwaka, kwenye sherehe ya wafanyakazi.

"Yupo?" aliuliza mwongozaji.

"Anakuja," alisema Jicho.

"Haya, nipe yeye kwanza. Tano, nne, tatu."

Kwenye skrini ndogo ndani ya gari, mdogo wake fundi sauti akatokea juu ya lango la tatu. Alikuwa amekaa, miguu ikining'inia upande wa barabara, shati la zambarau mwilini na kitambaa cheupe cha kinyozi shingoni. Alikuwa anapunga mkono mmoja na kinywa chake kilikuwa kinakwenda. Fundi sauti alichungulia nje ya mlango wa gari. Juu ya lango hapakuwa na kitu ila njiwa mmoja. Akarudi kwenye skrini. Mdogo wake alikuwa pale, na njiwa pembeni yake.

"Na yule kule juu ni Mwenyekiti!" alisema Bwana Shangwe. "Hajawahi kutuangusha!"

Ilikuwa mara ya kumi na tisa.

Jina la Mwenyekiti alipewa na watazamaji, kwa jinsi alivyokaa. Alionekana kwenye matangazo ya moja kwa moja tu. Kwenye marudio ya saa mbili, picha ileile, lango lilikuwa tupu, kwa hiyo watu wakaacha kutazama marudio na wakawa wanawahi kurudi nyumbani siku za mechi, jambo lililowafurahisha wake wengi. Hakuna aliyeshangaa. Walibishana kama amenenepa au ni kamera. Mtu mmoja alipiga simu studio kulalamika kwamba kituo kina upendeleo, kwani timu nyingine nazo zinastahili kupata mtu wao wa kukaa juu ya lango.

Kabla ya hapo alikuwa kinyozi. Alikuwa na kiti kimoja na kioo kimoja, na vichwa vyote vya gari lile vilipita mikononi mwake. Siku ya ubingwa, miezi saba nyuma, aliposikia kwenye redio kwamba bao la tatu limeingia, alimwacha mteja akiwa amenyolewa upande mmoja, akamwambia narudi sasa hivi, akakimbilia uwanjani na kitambaa shingoni. Hakurudi. Mteja yule alimaliziwa na mtu mwingine, na mpaka leo husema hakumaliziwa vizuri.

Uongozi wa uwanja ulitangaza kwamba siku ile ilikwisha salama na hakuna aliyeumia. Fundi sauti na mama yake walizunguka hospitali zote na vituo vyote vya polisi. Walifunguliwa hata chumba cha maiti, wakatazama nyuso za watoto wa watu wengine. Jina lake halikuwepo mahali popote. Wiki ya tano timu ya zambarau iliposhinda tena, akaonekana juu ya lango.

Mama alivuta kiti karibu na televisheni, akamtazama mwanawe mpaka matangazo yakaisha.

"Amekufa," alisema. "Mwanangu na usafi wake ule, hawezi kuvaa shati moja wiki tano akiwa hai."

Mama alitaka kitu kimoja tu, karatasi inayosema mwanawe amefariki, apate kumlilia mchana kweupe kama wenzake wanavyowalilia wao. Kumlilia mtu kwa kukisia, alisema, ni kumtabiria kifo. Alikwenda ofisi ya vizazi na vifo akiwa na picha ya kinyozi na cheti chake cha kuzaliwa. Karani aliitazama picha, akatabasamu.

"Huyu si Mwenyekiti, mama? Nilimwona juzi. Ana raha kuliko mimi."

"Amekufa, baba."

"Mama yangu, mtu anaonekana na nchi nzima kila timu ikishinda. Nikimwandikia kifo, mimi ndiye nitakayezikwa na bosi wangu." Akamrudishia picha kwa mikono miwili, kwa heshima. "Msubiri ashuke. Akishuka njooni wote wawili, tutaona la kufanya."

Fundi sauti alitaka zaidi ya karatasi. Alitaka kujua mdogo wake alikufaje, na ni nani aliyelifunika jambo hilo. Kwamba limefunikwa hakuwa na shaka, kwani katika picha za siku ya ubingwa zilizotunzwa kituoni mlikuwa na dakika nne za ajabu. Mashabiki walikuwa wanakimbilia upande wa malango, ghafla kamera ikawageukia watoto wakipunga bendera, ikakaa hapo dakika nne nzima. Hakuna mpiga picha mwenye akili zake anayekaa na watoto wa bendera dakika nne. Na kamera ya siku ile ilikuwa ya Jicho.

Basi akaanza kumchunguza. Zamani Jicho alikuwa hawezi kupandisha kamera kabla hajanywa chai kutoka kwenye chupa ya fundi sauti. Tangu siku ya ubingwa alisema tumbo halimkubali, ila alionekana akinunua chai kwingine. Zamani alikuwa anamwita dada. Sasa hakumwita chochote. Fundi sauti akipita nyuma yake, Jicho alikuwa anaziba kioo cha kamera kwa kiganja. Na hilo neno lake, anakuja, alikuwa analisema kabla ya skrini kuonyesha kitu. Anajuaje? Mama alipoelezwa alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba watu warefu walionyamaza yeye hajawahi kuwapenda. Siku moja Jicho alipokwenda msalani, fundi sauti alifungua begi lake. Alikuta vitambaa vya kufutia lenzi, mswaki, na mchoro wa mtoto unaomwonyesha Mwenyekiti akiwa na vidole sita. Aliona aibu, lakini si aibu ya kumfanya aache.

Jumamosi hiyo, matangazo yalipokwisha na Bwana Shangwe akaenda kupigwa picha na mashabiki, walibaki wawili wakikunja nyaya. Fundi sauti alichoka kuvizia.

"Unajuaje kwamba anakuja?" aliuliza.

Jicho aliendelea kukunja. "Jicho la kushoto linawasha," alisema.

"Usinifanye mtoto."

"Sikufanyi." Akauweka waya chini. "Mtu wa kazi yangu hafumbi jicho la pili. La kulia liko kwenye kamera, la kushoto liko wazi, linaangalia kama kuna mtu anakuja kukugonga. Siku ile la kulia lilikuwa na watoto wa bendera. La kushoto lilikuwa langoni. Halijaondoka hapo. Akitaka kutokea, linawasha."

Fundi sauti alikaa kwenye ngazi ya gari. Alimwambia aseme yote, na Jicho akasema, taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Lango la tatu lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na watu wakawa wanasukumwa kulielekea kutoka nyuma. Kinyozi alikuwa mwepesi, akapanda juu. Angeweza kuruka upande wa barabara akaenda zake. Akakaa pale juu akawa anawapungia walio nyuma warudi. Kisha lango likainama kidogo, akaangukia ndani, chini ya miguu. Baadaye watu wa uwanja walikuja na turubai, na gari lisilo na namba.

"Miezi saba," alisema fundi sauti. "Umekaa na mdogo wangu miezi saba."

"Niliandika ripoti. Mwongozaji akaniambia bila picha hakuna habari. Nina watoto watatu, nikanyamaza." Jicho alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. "Halafu nilidhani unajua."

"Nijue mimi?"

"Kasikilize laini ya ndani ya siku ile. Si wewe unayeitunza?"

Laini ya ndani ni mazungumzo ya garini na studio, yale ambayo mtazamaji hayasikii. Kituo huyarekodi yote, ili lawama ikija kila mtu ajue fungu lake, na hutunzwa mwaka mzima kwenye kabati la chuma la fundi sauti. Ufunguo wake ulikuwa kwenye kamba moja na ufunguo wa nyumba. Miezi yote hiyo fundi sauti alikuwa amelishuku kabati la kila mtu, na la kwake hakuligusa. Alipojiuliza kwa nini, hakulipenda jibu.

Jumatatu saa nne asubuhi alilifungua. Alikaa kwenye chumba cha sauti, akatafuta siku ile, akavaa hedfoni. Dakika nyingi zilikuwa za kawaida, Bwana Shangwe akiuliza kama nywele zake zimekaa, mwongozaji akihesabu kurudi nyuma. Kisha akamsikia Jicho.

"Bosi, langoni kuna tatizo. Watu wanabanwa."

"Geuza. Nipe wale watoto wa bendera."

"Bosi, wanabanwa kweli."

"Jicho, hii ni sherehe, nipe watoto. Dada wa sauti, hizo kelele za maiki ya lango zinakwaruza. Shusha."

Ikafuata sauti ya mwanamke, changamfu, ya mtu anayeipenda kazi yake.

"Nimeshusha!"

"Asante, mama. Sasa imekuwa tamu."

Fundi sauti alirudia kipande hicho mara tatu, na mara zote tatu mwanamke yule alishusha. Aliikumbuka siku ile vizuri. Maiki ya lango ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya lango la tatu, na kwenye meza yake ilikuwa na kitelezi chake, kitufe kinachosukumwa juu ili sauti izidi na chini ili ipungue, cha tano kutoka kushoto. Mita ilikuwa imegonga nyekundu. Kwenye mita furaha na kilio havina tofauti, vyote hugonga nyekundu, na fundi yeyote aliyefundishwa vizuri huona nyekundu akashusha. Yeye alifundishwa vizuri sana. Alishusha kwa kidole kimoja, kisha akafungua shangwe za akiba, zilizorekodiwa kwenye mechi nyingine ya zamani, safi, zisizokwaruza. Tangu siku hiyo mwongozaji alizipenda hizo za akiba, na maiki ya lango haikufungwa tena pale nguzoni.

Alijichukia. Hilo lilimjia wazi, bila maneno ya kulizungusha. Alikwenda kunawa uso, akarudi, akajaza fomu ya betri zilizotumika wiki hiyo. Mchana alimkuta Jicho kwenye korido.

"Nilidhani wanashangilia," alimwambia.

Jicho alifikiri. "Mimi nilidhani ulimsikia ukamshusha. Ulijibu kwa furaha mno. Ndiyo maana chai yako ilinishinda." Akanyoosha mkono. "Hiyo chupa ina kitu?"

Ilikuwa na chai, wakanywa wamesimama.

Jumamosi iliyofuata fundi sauti alifika uwanjani saa saba mchana, akavuka barabara na maiki na utepe. Mlinzi wa lango la tatu alikuwa kwenye kiti chake, kivulini.

"Lango hili halifunguliwi, dada yangu," alisema kabla hajaulizwa.

"Sijaja kulifungua. Nafunga maiki."

"Ya Mwenyekiti?"

"Ya Mwenyekiti."

Mlinzi alisogeza kiti apate kupita. Fundi sauti alifunga maiki kwenye nguzo, juu kidogo ya mnyororo. Kufuli lilikuwa jipya.

"Ufunguo uko kwa nani?" aliuliza.

"Ofisini."

"Na siku ile ya ubingwa?"

Mlinzi aliitazama maiki, akamtazama yeye, akaitazama tena maiki. "Siku ipi hiyo?" alisema. "Mimi nimeanza kazi juzi." Kiti chake kilikuwa kimekaa hapo muda mrefu mpaka miguu imechimba vishimo vinne. Fundi sauti alikata utepe kwa meno, akarudi garini.

Timu ya zambarau ilishinda moja bila. Mwongozaji akauliza kama yupo, Jicho akapangusa jicho la kushoto, akasema anakuja. Wakaingia hewani. Mdogo wake akatokea juu ya lango na kitambaa chake, akipunga, kinywa kikienda. Kila siku watazamaji walisema anaimba. Fundi sauti alizima shangwe za akiba, akakisukuma juu kitelezi cha tano kutoka kushoto. Mita ikagonga nyekundu. Akaiacha.

"Walio nyuma, rudini nyuma," alisema kinyozi, na sauti yake ikaenda nchi nzima. Haikuwa kali. Ilikuwa ileile ya kumwambia mteja ainamishe kichwa. "Lango limefungwa. Msisukume, jamani, kuna watu chini. Wewe mwenye kofia, mnyanyue huyo mama. Mnyanyue kwanza. Tulieni basi. Mnaliona gari lile la televisheni? Dada yangu yumo mle, ndiye mwenye sauti. Anatusikia. Sasa hivi atawaambia wafungue. Tulieni tu, anatusikia."

Alisema hivyo kwa sekunde arobaini, akarudia pale pa dada yake mara mbili, kisha akatoweka kama kawaida yake. Mkono wa fundi sauti ulibaki kwenye kitelezi. Bwana Shangwe alikuwa amenyamaza hewani kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Akakohoa.

"Naam," alisema, "huyo ni Mwenyekiti mwenyewe, akiwasihi mashabiki wasisukumane. Kiongozi wa mfano. Sijawahi kuona shangwe kama hii."

Kwenye hedfoni mwongozaji alisema, "Nani kafungua maiki ya lango?"

"Mimi."

Fundi sauti alikuwa ameshajiandaa kufukuzwa, na alikuwa na maneno ya kumwambia.

"Iache," alisema mwongozaji. "Simu zinamiminika huku. Wiki ijayo msogezee maiki karibu kidogo, kuna upepo."

Fundi sauti alisema maneno yake hivyohivyo. Alisema kwamba mdogo wake alikuwa anaomba lango lifunguliwe, kwamba watu walibanwa, kwamba picha ziligeuzwa na sauti ikashushwa, kwamba laini ya ndani ipo na anayo. Mwongozaji alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini hiyo ni ya msimu uliopita. Sisi ni moja kwa moja."

Fundi sauti alipeleka nakala ya laini ya ndani polisi, akaandikiwa risiti. Alipeleka nyingine kwa uongozi wa uwanja. Uongozi ulijibu ndani ya siku tatu, kwa barua nzuri yenye muhuri. Ulikishukuru kituo kwa kutoa elimu ya usalama kupitia Mwenyekiti, na ukaarifu kwamba, ili mashabiki wasimpandie na kumsumbua, lango la tatu limeongezewa mnyororo wa pili. Mashabiki nao walilichukua neno lake. Timu ya zambarau ilipofunga bao walikuwa wanaimba jukwaa zima, anatusikia, anatusikia, wakipunga vitambaa vyeupe.

Mama alirudi ofisi ya vizazi na vifo. Safari hii binti yake alimsindikiza. Karani aliwavutia viti.

"Mama, nimemsikia," alisema. "Sauti imetulia, hata mafua hana. Mtu anaongea namna ile, mimi nitamwandikia kifo kwa uso gani?"

"Umesikia alichokuwa anasema?" aliuliza fundi sauti.

"Nimesikia, dada. Anasema tusisukumane." Akachukua kitambaa cheupe kutoka kwenye droo, kipya, akawaonyesha. "Mimi mwenyewe nimenunua."

Walirudi nyumbani. Tangu Jumamosi ile mama alikuwa hamuulizi binti yake kitu, ila alikuwa anamtazama. Alimtazama akivua viatu, alimtazama akinywa maji, na zaidi alimtazama mikono. Fundi sauti aliijua ile namna ya kutazama, maana yeye mwenyewe alikuwa amemtazama Jicho vile miezi saba. Siku ya Ijumaa mama alikuwa anachambua mchele mezani, akasimamisha mikono.

"Siku ile," alisema, "ulimsikia?"

Fundi sauti angeweza kusema maiki ilikwaruza, na ingekuwa kweli. "Nilisikia watu, mama. Nikadhani wanashangilia. Nikawashusha."

"Nani alikuambia ushushe?"

"Bosi. Lakini mkono ni wangu."

Mama alirudi kwenye mchele. Alitoa punje moja mbovu, akaiweka pembeni, akatoa nyingine. Akalia kidogo, bila kuacha kazi, kisha akajifuta kwa nyuma ya kiganja.

"Mwenzio alikufa anajua unamsikia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi sijui kama nimekusamehe. Usiniharakishe." Akasukuma sinia mbele. "Ila kesho nenda kazini. Na wiki ijayo, na kila timu ile ikishinda, hata uwe mgonjwa. Akisema unamsikia, iwe kweli."

"Ndiyo, mama," alisema fundi sauti, akavuta kiti wakachambua wote wawili.